UZI: Nyufa za dari ya jipsamu zinazibwa na kurudi. Nataka nifanye mwenyewe, nianzie wapi?

Mstaafu wa Goba

Wakuu, heshima kwenu.

Nina nyumba huku Goba, ile mitindo ya paa la kuficha. Dari yote ni jipsamu ya milimita 9, imepigwa juu ya mbao za mbili kwa mbili. Ilipokuwa mpya wageni walikuwa wanainua kichwa kabla hata ya kusalimia. Sasa hivi mimi ndiye ninayeomba wasiangalie juu.

Sebuleni kuna ufa ulionyooka, unaanza karibu na pangaboi unaenda hadi kwenye kornishi. Chumbani kuna vidoti vya mviringo vinavimba, ukikigusa kimoja rangi inabanduka. Koridoni kuna doa la kahawia lenye ukingo mweusi kidogo.

Fundi aliyejenga nimeshamwita arekebishe. Anakuja na puti ya ukutani, ile ya saruji nyeupe, anapaka, anapiga msasa, anapaka rangi, anaondoka na hela. Masika ikipita nyufa ziko palepale. Ngazi ninayo, drili ninayo, na Jumamosi zangu ni zangu. Naomba wanaojua wanielekeze kazi. Namba za simu za mafundi msiniwekee, ninazo za kutosha.

Kenchi na Mabati

Mkuu, kabla hujashika mwiko naomba unijibu haya, maana dari inasema yenyewe inaumwa nini ukiisoma vizuri.

Ufa wa sebuleni umenyooka mwanzo mwisho, au kuna sehemu unapinda? Saa nane mchana jua likiwa kali unapanuka kuliko alfajiri? Pangaboi limening'inizwa kwenye nini? Vile vidoti vya chumbani viko kwenye mstari, vinaachana umbali unaolingana? Na doa la koridoni, ukilibonyeza kwa kidole gumba dari inabonyea?

Halafu moja la muhimu: umeshawahi kupanda mwenyewe juu ya dari ukaangalia mbao zilivyopangwa? Ukipanda kanyaga kenchi tu, yaani zile fremu za mbao zinazobeba paa, usikanyage mbao za dari. Na nenda asubuhi, mchana chini ya mabati hakukaliki.

Nyundo Baridi

Nimevuta kigoda nimekaa mbele kabisa. Dari yangu nayo ina ramani ya Afrika Mashariki, na juzi imeongezeka Sudan Kusini.

Mstaafu wa Goba

Kenchi na Mabati, nimepanda leo asubuhi. Majibu:

Ufa umenyooka wote. Mchana unapanuka kweli, mama watoto ndiye aliyeliona hilo zamani, mimi nilikuwa nabisha. Pangaboi limefungwa kwenye kipande cha mbili kwa mbili kilichopigiliwa katikati ya mbao nyingine mbili. Vidoti viko kwenye mstari. Doa halibonyei ila limekaa kama karatasi iliyolowa ikakauka.

Juu huko mbao zimeachana kama futi mbili na zaidi. Na pale ufa ulipo kuna kipande kirefu ambacho nyuma yake hakuna mbao kabisa, jipsamu mbili zimekutana hewani. Nimeingiza kidole.

Kenchi na Mabati

Basi umeshamaliza nusu ya kazi, na nusu hiyo ndiyo fundi wako hakuifanya.

Dari yako ina magonjwa matatu tofauti, yeye anayatibu yote kwa puti. Puti haishiki mbao zinazocheza. Ni ngumu na haivutiki, kitu kikisogea milimita moja inakatika. Ndiyo maana unaona ufa umerudi mahali palepale, tena umenyooka vilevile.

Ufa ulionyooka ni kiungo cha jipsamu mbili. Ungekuwa unakatisha katikati ya ubao wa jipsamu kwa kupindapinda, ningekuambia kuna kitu kinabonyeza au ubao ulipata mshtuko. Wako ni kiungo, na una sababu tatu za kukatika. Ya kwanza umeiona: hakuna mbao nyuma. Ya pili, jipsamu ya milimita 9 inataka mbao zilizoachana sentimita 40 hadi 45, siyo futi mbili. Futi mbili, yaani sentimita 60, ni za ubao wa milimita 12. Ukiweka ubao mwembamba kwenye nafasi pana unalegea katikati, na kiungo kinafunguka. Ya tatu ni pangaboi. Feni ikizunguka inatikisa kile kipande cha mbao, kipande kinatikisa dari, na kiungo ndicho mahali dhaifu kuliko pote. Pangaboi linatakiwa lining'inie kwenye kenchi, au kwenye mbao nene ya mbili kwa nne iliyolala juu ya kenchi mbili. Jipsamu iwe imelizunguka tu bila kubeba chochote.

Vile vidoti ni vichwa vya skrubu au misumari. Mbao zilipigwa zikiwa mbichi. Mbao mbichi ikikauka inasinyaa, skrubu inabaki palepale ilipo, kwa hiyo kichwa kinasukuma rangi nje. Hili halina uhusiano na mvua.

Doa la koridoni ni maji, hilo nitalirudia maana kwa paa la kuficha ni hadithi yake peke yake.

Bodi ya Ohio

Wakuu habari za nyumbani. Mimi niko Ohio, nafanya kazi hii ya kumalizia jipsamu. Huku kuta za ndani karibu zote ni jipsamu, siyo dari tu, kwa hiyo tunaishi na nyufa zake.

Naunga mkono Kenchi na Mabati. Huku pia kuna ufa unaorudi kila mwaka hata ukiubandika tepu ya aina gani. Unatokea kwenye kona ya dari na ukuta wakati wa baridi. Kenchi za paa zinajipinda kwenda juu kwa sababu mbao ya chini iko kwenye joto la nyumba na za juu ziko kwenye baridi na unyevu, zinainua dari kutoka ukutani. Dawa yake siyo kuziba. Fundi anaacha kupiga skrubu za dari kwenye kenchi karibu na ukuta, karibu nusu mita hivi, anaishikiza kingo ya dari kwenye ukuta badala ya kenchi. Kenchi zikipanda dari inapinda kidogo bila kukatika. Kwenu baridi hiyo hakuna, lakini bati la Dar mchana na usiku nalo lina mambo yake, ndiyo maana ufa unapanuka saa nane.

Kuhusu kumalizia viungo, sheria ni chache ila hazina njia ya mkato. Tepu lazima. Tabaka tatu, kila moja jembamba, kila moja pana kuliko lililotangulia. Lazima likauke kabla ya kupaka jingine. Mtu akikuambia anamaliza kiungo kwa tabaka moja kwa siku moja, anamaliza siku yake, siyo kiungo chako.

Mtaalamu wa Kona

Samahani wakuu, mnatoa darasa la bure lakini hizi jipsamu ni mapambo ya watu wenye hela za kurudia. Pigeni dari za PVC mlale usingizi. Hazipasuki, hazioti ukungu, unazifuta kwa kitambaa.

Kenchi na Mabati

PVC siibezi, bafuni na jikoni naipiga sana. Lakini ni plastiki. Chini ya bati lisilo na hewa ya kupita inalegea na kupinda, na moto ukitokea inayeyuka na kutoa moshi mbaya. Jipsamu ndani yake ina maji yaliyofungwa kwenye madini yenyewe, kama asilimia 21 ya uzito wake. Moto ukifika lazima kwanza uyachemshe maji hayo yatoke, kwa hiyo inakupa muda wa kutoka na watoto. Kila mtu achague anachokiogopa zaidi.

Mstaafu wa Goba

Tusitoke nje ya mada jamani. Kenchi na Mabati, nipe hatua za ule ufa wa sebuleni, nianze Jumamosi.

Kenchi na Mabati

Sawa. Zima swichi kuu ya umeme kwanza, maana waya za dari nyingi zimelala tu juu ya jipsamu, na utakuwa unakata na kutoboa bila kuona upande wa pili.

Anza juu. Shusha pangaboi, lifungie kwenye mbao ya mbili kwa nne juu ya kenchi. Halafu ongeza mbao. Pale kiungo kinapoelea hewani, weka mbao kavu ya mbili kwa mbili iliyolala kwenye mstari wa kiungo, nusu ya upana wake ikae juu ya ubao huu na nusu juu ya ule. Mbao iwe kavu kweli. Ukinunua leo, iache ndani mahali pakavu penye hewa kwanza, na iwe imepigwa dawa ya mchwa. Ukipata chaneli za bati badala ya mbao ni bora zaidi, haziliwi wala hazisinyai. Katikati ya zile mbao za futi mbili ongeza nyingine, angalau kuzunguka eneo la pangaboi.

Rudi chini. Piga skrubu pande zote mbili za kiungo, kila sentimita 20, halafu kwenye mbao nyingine kila sentimita 30 hivi. Kichwa cha skrubu kizame kidogo chini ya uso wa karatasi bila kuichana. Ukisikia karatasi imepasuka, skrubu hiyo haishiki tena chochote, piga nyingine kando yake. Kinachoibeba jipsamu ni karatasi yake. Unga wa katikati peke yake unaubonda kwa vidole.

Sasa kwangua puti yote ya zamani kwenye kiungo kwa skrepa hadi uone karatasi ya ubao. Usipake juu yake. Saruji na jipsamu vikikutana kwenye unyevu vinagombana, vinavimba na kuachiana. Puti ya saruji nyeupe mahali pake ni kwenye plasta ya ukuta.

Panua ufa kidogo kwa kisu uwe na umbo la V, futa vumbi kwa brashi yenye unyevu, jaza mchanganyiko wa poda ya jipsamu, bandika tepu, ikandamize kwa skrepa hadi mchanganyiko wa ziada utoke pembeni. Hilo ni tabaka la kwanza, upana wa skrepa ya inchi 6 unatosha. Likikauka, la pili inchi 10. La tatu inchi 12 au zaidi, jembamba kabisa, pembeni liishie kwenye sifuri.

Angalia pia kiungo chako ni cha upande mrefu au mfupi wa ubao. Ubao ni mita 1.2 kwa mita 2.4. Pande ndefu kiwandani zinapunguzwa unene ili tepu na mchanganyiko vikae ndani ya kile kibonde. Pande fupi hazikupunguzwa, kwa hiyo tepu lazima ifanye mgongo. Mgongo huo hauondoki kwa msasa, ukipiga msasa utaifikia tepu. Unafichwa kwa upana: tandaza mchanganyiko hadi sentimita 25 au 30 kila upande, jicho halitauona.

Salma wa Tabata

Ahsante kaka kwa maelezo. Mimi poda ya jipsamu kila nikichanganya inaganda ndoo ikiwa nusu. Nimeambiwa niongeze maji nikoroge tena, ndiyo hivyo?

Bodi ya Ohio

Hapana dada yangu, ikishaanza kuganda itupe. Poda ile ni jiwe lililochomwa joto la nyuzi 150 hivi hadi robo tatu ya maji yake yakatoka. Ukiichanganya na maji inayarudisha na kuwa jiwe tena. Ukiikoroga inapokuwa inaganda unazivunja fuwele zake zikiwa zinashikana, itakauka lakini itabaki dhaifu, utaikwangua kwa ukucha.

Sababu kubwa ya kuganda haraka ni ndoo chafu. Mabaki ya jipsamu iliyokwisha kuganda yanaichochea mpya igande upesi. Osha ndoo na mwiko kila unapochanganya upya, tumia maji safi. Mimina poda kwenye maji, siyo maji kwenye poda, iache inywe maji dakika moja mbili, ndipo ukoroge. Na changanya kiasi cha kumaliza ndani ya robo saa mpaka mkono uzoee.

Ukihisi ndoo inapata joto mkononi ujue inaganda tayari.

Mtaalamu wa Kona

Tepu ya nyavu za fiba au ya karatasi? Hapa mafundi wote wanatumia ya fiba, ya karatasi naiona kwenye video za Wazungu tu.

Bodi ya Ohio

Zote zinafanya kazi ukijua inakula na nani. Ya fiba ina gundi yake, ni rahisi kubandika hata ukiwa mgeni, lakini inavutika kidogo. Kwa hiyo tabaka la kwanza juu yake liwe la poda inayoganda. Ukiipakia ile ya ndoo iliyochanganywa tayari kiwandani, ambayo inakauka kwa maji kutoka tu, utaona ufa mwembamba baada ya muda. Ya karatasi haivutiki, ina nguvu zaidi kwenye kiungo, na kwenye kona ndiyo mfalme kwa sababu ina mkunjo katikati. Shida yake inataka mkono. Ukipaka mchanganyiko kidogo mno nyuma yake inatoa malengelenge.

Kenchi na Mabati

Kwa mleta mada, fiba na poda. Asihangaike. Ila kwenye kona ya dari na ukuta akipata ya karatasi atumie.

Bi Mkubwa wa Likoni

Hamjambo nyote. Mimi niko Likoni, kwangu si dari bali ni ukuta. Chini kwenye futi mbili tatu rangi yafumuka, yatoka unga mweupe. Fundi alinishauri nipige mbao za jipsamu ukutani nifunike, nisiuone tena. Nimeona mnazungumza jipsamu nikasema niulize.

Kenchi na Mabati

Shikamoo mama. Huo unga ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia tofali, yakifika usoni mwa ukuta yanakauka na kuacha chumvi, na chumvi hiyo ndiyo inayoisukuma rangi. Kama nyumba ilijengwa kwa mchanga wa baharini nao unachangia. Ukiufunika kwa jipsamu, karatasi ya nyuma italowa na kuota ukungu, na wewe utakuwa unavuta hewa yake bila kuuona.

Anzia nje. Angalia kama udongo wa uani umepanda juu kuliko sakafu ya ndani, kama maji ya bati yanamwagikia msingi, kama kuna bomba linavuja karibu. Ndani, chimbua plasta iliyooza, brashi chumvi ikiwa kavu wala usiioshe, acha ukuta upumue miezi kadhaa, na ukipaka rangi usipake ya mafuta, itafungia maji ndani.

Bi Mkubwa wa Likoni

Marahaba. Udongo wa uani umepanda kweli, tulijaza kifusi tulipotengeneza baraza. Ahsante mwanangu, kifusi kitatolewa.

Mstaafu wa Goba

Mrejesho mdogo. Pangaboi limehamia kwenye kenchi, mbao nimeongeza, skrubu nimepiga. Tabaka la kwanza limekaa. Swali, nitajuaje limekauka? Hapa Dar hewa yenyewe imelowa.

Kenchi na Mabati

Rangi yake itakuambia. Likiwa na maji lina kijivu, likikauka linakuwa jeupe lote bila mabaka. Poda ikishaganda ni ngumu lakini bado ina maji ndani, usichanganye kuganda na kukauka. Mwezi wa saba upepo ukiwa mkavu linaweza kuwa tayari kesho yake. Masika subiri zaidi, fungua madirisha, hata lile pangaboi lizungushe polepole baada ya tabaka kuganda.

Vile vidoti vya chumbani unaweza kuvimaliza wakati unasubiri. Sentimita nne au tano kutoka kwenye kila kimoja piga skrubu mpya, ubao ukikandamizwa kwa mkono mwingine ushikane na mbao. Ile ya zamani iondoe, au izamishe kama haitoki. Kwangua, paka tabaka mbili tatu nyembamba. Mbao zako sasa zimeshakauka kwa hiyo hazitarudia.

Nyundo Baridi

Na doa? Maana ramani yangu yote ni ya maji.

Kenchi na Mabati

Nilisema nitalirudia. Paa la kuficha lina ukuta mfupi umezunguka juu na mfereji umelala nyuma yake, ndani ya mipaka ya nyumba. Mfereji wa nje ukiziba maji yanamwagikia uani, unakasirika kidogo maisha yanaendelea. Huu wa ndani ukiziba, majani ya mwembe wa jirani yakikaa kwenye tundu moja tu, maji hayana pengine pa kwenda isipokuwa sebuleni kwako. Kwa hiyo kabla ya kila msimu wa mvua panda ukausafishe. Na kama mjenzi hakuweka tundu la dharura kwenye ukuta ule mfupi, juu kidogo ya usawa wa maji ya kawaida, weka. Maji yakianza kutokea hapo nje utajua mapema kwamba chini kumeziba.

Kutafuta panapovuja usisubiri mvua. Mtu mmoja awe juu ya dari na tochi, mwingine amwage maji juu, akianzia sehemu ya chini ya paa akipanda kidogo kidogo, kila sehemu asubiri. Ukianzia juu, maji yatateremka kote hutajua yameingilia wapi. Kumbuka tone linaweza kuingia huku likatembea juu ya mbao na kudondoka mita mbili mbele, kwa hiyo doa halikuonyeshi tundu lilipo. Angalia mipira ya misumari ya bati, pale bati linapokutana na ukuta, na juu ya ule ukuta mfupi kama umepasuka plasta.

Ukishaziba, acha dari ikauke kabisa. Ikibonyea kwa kidole kata kipande hicho, jipsamu iliyolainika haipati nguvu tena. Ikiwa ngumu kama ya mleta mada, paka andakoti ya mafuta juu ya doa peke yake, ikikauka ndiyo rangi ya maji. Ukipaka rangi ya maji moja kwa moja juu ya doa, ile kahawia inayeyuka na kupanda, hata upake ngapi.

Ule ukingo mweusi ni ukungu. Ufute na maji yenye klorini, madirisha wazi, glavu mkononi. Usichanganye klorini na sabuni ya chooni yenye asidi, inatoa hewa ya sumu.

Salma wa Tabata

Ukishakata kipande unakiziba vipi jamani? Mimi nina shimo la kupitisha mguu. Fundi umeme alikanyaga.

Bodi ya Ohio

Dada, kwanza lifanye shimo liwe la pembe nne, ukikata kwa msumeno mdogo. Chukua vipande viwili vya mbao vyepesi vyenye urefu wa kuzidi shimo, viingize ndani vilale nyuma ya ubao, kimoja kila upande, vishike kwa skrubu kupitia ubao mzima ulio pembeni mwa shimo. Hapo umepata kitu cha kushikia kiraka. Kata kiraka cha jipsamu yenye unene uleule, kiwe kidogo kuliko shimo kwa milimita mbili tatu kila upande, kipige skrubu kwenye zile mbao, halafu tepu pande zote nne na tabaka zako tatu.

Shimo dogo la ngumi halihitaji mbao. Kata kiraka kikubwa kuliko shimo kwa sentimita tano kila upande, halafu kwa nyuma vunja na ubandue jipsamu ya ile sentimita tano ubakize karatasi ya mbele tu. Unapata kiziba chenye masikio ya karatasi. Paka mchanganyiko kuzunguka shimo, kisukume ndani, masikio yalale juu ya ubao yawe ndiyo tepu yako. Ila hiki ni cha ukutani au mahali pasipobeba kitu.

Mtaalamu wa Kona

Na televisheni kwenye patisheni ya jipsamu ya ofisini? Inchi 55.

Bodi ya Ohio

Funga kwenye nguzo za ndani, siyo kwenye ubao. Pitisha sumaku ndogo ukutani, itanasa kwenye vichwa vya skrubu, mstari wa skrubu ndiyo nguzo. Kama nguzo ziko mahali pasipokufaa, fungua ubao uweke plaiwudi nene nyuma kisha urudishie. Kikono cha kuvuta televisheni mbele ndicho hatari zaidi, uzito unaning'inia mbali na ukuta unavuta skrubu za juu kutoka.

Mstaafu wa Goba

Nimefika kwenye msasa. Namba gani, na nitajuaje pamenyooka kabla ya rangi?

Kenchi na Mabati

Anza na namba 120 au 150, malizia na 220. Funga msasa kwenye kipande cha mbao bapa, ukishika kwa vidole utachimba mabonde. Chumba kikiwa giza washa tochi uiegemeze kwenye dari mwanga utambae juu yake, kila kibonde kitatoa kivuli. Weka alama kwa penseli, jaza, rudia. Mchana wa jua hutaona kitu.

Bodi ya Ohio

Vaa barakoa nzuri inayobana pua, siyo ya kitambaa. Vumbi hili ni jembamba mno na baadhi ya michanganyiko ina silika na taliki ndani yake. Njia nyingine ni sponji iliyolowa ikakamuliwa vizuri, inalainisha bila vumbi, hasa kwenye ile ya ndoo. Usiikandamize kwenye karatasi italowa.

Tena kwa ndugu walioko Marekani wanaosoma hapa: kama nyumba ni ya kabla ya 1978 usipige msasa kitu kabla hakijapimwa. Michanganyiko ya viungo ilikuwa na asbesto hadi ilipopigwa marufuku 1977, na rangi za nyumba zilikuwa na risasi hadi 1978. Na nyumbani, wale wanaokaa kwenye nyumba za zamani za shirika au za serikali zenye dari au paa la asbesto, hiyo haikatwi wala haipigwi msasa na mtu wa Jumamosi.

Mstaafu wa Goba

Nimeelewa. Basi rangi moja kwa moja?

Kenchi na Mabati

Futa vumbi lote kwanza, rangi ikikutana na vumbi inabanduka na vumbi lake. Halafu praima. Kiungo kipya kinanyonya rangi kuliko ubao unaokizunguka, ukiruka praima utaona mstari wa kiungo unang'aa tofauti hata kama pamenyooka. Kama hela ya praima imeisha, chukua rangi yako ya maji, izimue kwa maji, paka mkono wa kwanza mwepesi uache ukauke kabisa.

Dari chagua rangi isiyong'aa. Inayong'aa inaonyesha kila kosa la mwiko. Na paka dari nzima ya sebule kutoka kona hadi kona, ukipaka kiraka tu rangi ya zamani imeshafifia, kitaonekana.

Mtaalamu wa Kona

Kwenye kornishi na ukuta kuna mwanya mdogo kwangu, huo nao tepu?

Kenchi na Mabati

Hapana, hapo akriliki ya kupakika rangi, ile ya kwenye bomba la bunduki. Silikoni haishiki rangi. Piga mstari mwembamba, uvute kwa kidole kilicholowa, kesho paka rangi.